Mkono Usiosikia Moto

Mwaka uliofuata Uhuru, Mwanapili alikuwa ameanza kusahau kwamba ana ukoma. Vidonge vya hospitali ya Msambweni alivimeza bila kukosa, na mabaka yalikuwa yamefifia hata mumewe Mbwana, mkata miwa wa Ramisi, akawa anamtania kwamba amerudi kuwa mwari.

Asubuhi moja aliamka uso unamwaka. Mabaka yote yamevimba, mekundu, yanang'aa. Kiwiko cha kulia kilimuuma kama jipu. Akajikaza, akainjika uji. Alipotaka kuipua sufuria, vidole viwili vya mwisho vikakataa kunyooka. Sufuria ikamponyoka, uji ukamwagikia mkono.

"Wifi! Toa mkono!" Mbodze, dadake Mbwana, alipiga ukelele.

Mwanapili alikuwa akiutazama tu. Mvuke unapanda, ngozi ya ubavuni mwa kiganja inajikunja, naye hasikii kitu. Hapo ndipo alipolia, akalia kama aliyefiwa.

"Ni hizo dawa," alisema Mbwana, aliyekuja mbio kwa ule ukelele. "Hutameza tena hata kimoja!"

"Na mkono je, mume wangu? Tuuache ufe?"

Mbwana akamfunga kitambaa safi, wakadandia lori la miwa mpaka Msambweni.

Daktari Karisa alimbonyeza kidogo tu nyuma ya kiwiko. Mwanapili nusura aruke kitandani.

"Mshipa wa fahamu umevimba," daktari alisema. "Dawa imeua vijidudu, mama. Sasa mwili unapigana na mizoga yao, na mshipa ndio unaoumia."

"Yaani naharibika huku napona?"

"Ndiyo. Lakini vidonge usiviache. Nitakuongezea vya kutuliza uvimbe."

Mbwana akaketi sakafuni, mikono kichwani. "Laa ilaha illallah! Nami nilitaka kuvitupa!"

Mwanapili alilazwa mpaka masika yakapita, mkono umefungwa ubao. Uso ukapoa, kidonda kikafunga, kidole kimoja kikanyooka. Kile cha mwisho kilibaki kimekunjika, na ganzi haikutoka.

Nyumbani, Mbwana ndiye aliyeipua vyungu. Majirani walimcheka, akawaacha wacheke. Lakini Mwanapili, kila alipougusa ubavu wa kiganja kile kwa mkono wa pili, alishtuka, kama aliyepewa mkono na mtu asiyemjua.