Mlango wa Baba Mkwe

Kwaa, lile komeo la sanduku la bati usiku wa kuamkia leo, kwaa, mara moja tu, kisha kimya, na Mumbua akabaki alivyolala, mtoto kifuani, akijilazimisha kupumua kama mtu aliyezama usingizini, maana chumbani mle hulala watatu tu na mtoto wa mwaka na ushei hafungui sanduku, ni Nthenya, wifi yake, nani mwingine, na asubuhi alipoinua nepi sandukuni akaikuta barua ya masista imekunjwa maandishi nje, yeye huikunja maandishi ndani, na bado msichana amekaa hapa mbele yake, saa kumi jioni, kivulini nyuma ya jikoni, anazungusha bikari kana kwamba hakuna lolote, anauliza kama pembe ya katikati ni mara mbili ya ile ya ukingoni, ndiyo, mara mbili, andika kwanza tulichopewa, halafu tunachotaka kuthibitisha, halafu hatua moja moja, usiruke... usiruke, yeye wa kumwambia mtu asiruke, mtihani wa kidato cha nne ni Novemba na mwalimu wa hesabu alihamishwa tangu muhula wa kwanza, nani mwingine wa kumfundisha nyumbani hapa kama si mke wa kaka yake, hesabu na kile Kihispania alichokiokota kwa masista wa zahanati, miaka miwili ya kufua bendeji na kuandika kadi za wagonjwa, kabla Kilonzo hajamwoa akamleta huku kisha mwenyewe akarudi Mtito Andei kwenye pampu zake za petroli, haonekani mpaka mwisho wa mwezi, na ni yeye Mumbua, kwa mdomo wake mwenyewe, aliyewaambia masista yuko msichana mwenye kichwa, msomesheni uuguzi kwenu Hispania, wakaanza, kila jioni, buenos días, habari za asubuhi, me duele aquí, naumwa hapa, na Nthenya akawa anayameza maneno kama mchanga unavyomeza mvua ya kwanza, mpaka barua ikaja, wiki mbili sasa, ya Kihispania, imeandikwa jina la Mumbua, ndani ina fomu, nafasi ipo, mzazi atie sahihi, irudi zahanati kabla ya tarehe thelathini, na Nthenya amesimama pale na ndoo kichwani, maji yanamchirizika usoni hana habari, wanasemaje, wifi, wanasemaje, na ulimi huu, si mwingine, ukasema wamesema mwakani, za mwaka huu zimejaa... leo ni tarehe ishirini na moja. "Nthenya, mwambie mama wa mtoto maziwa yanafurika," anasema mzee kutoka ng'ambo ya ua, hageuzi shingo, anachonga mzinga wake wa nyuki, hatua kumi tu kutoka hapa, na Mumbua ameshainuka kuepua sufuria, lakini Nthenya lazima aseme, wifi, maziwa, na yeye lazima aitikie kama aliyekuwa hajasikia, ndiyo heshima yenyewe, nthoni, mke wa mwana haongei na baba mkwe, hagusi kiti chake, hasogelei mlango wake, hata mtoto, aliyepewa jina la babu yake, Ndolo, mama mtu hawezi kulitamka, humwita Kababu tu, na mzee ni mzee wa kanisa, mengi ya zamani ameyatupa, hili hakulitupa, zamani mama mkwe ndiye aliyepeleka maneno huku na huku, akafariki mwaka juzi, sasa ni Nthenya, na ule usiku wa Februari pia ni Nthenya, mtoto alipokakamaa, macho yakapinduka meupe, povu mdomoni, Mumbua akavuka ua naye mbio mpaka mlangoni kwa mzee, akainua mkono, mkono ukagoma, mtoto anamfia mikononi na yeye amesimama pale anaona haya, haya, mpaka Nthenya akampita akaugonga mlango kwa ngumi, baba, amka, mtoto, na mzee akatoka na baiskeli, wakafika zahanati mtoto akiwa bado anapumua, na sista akasema degedege hurudi, mama, hurudi... sasa Nthenya akienda mlango atabisha nani, nani, ndiyo maana ulimi ulisema mwakani, ulisema wenyewe, hapana, haukusema wenyewe. "Wifi, na kama tulichopewa ni uongo?" Uongo vipi, anauliza, akirudi kukaa. "Nasema tu. Pale mwanzo mtu ameandika uongo, halafu hatua zote zinazofuata ziko sawa." Basi jibu litakuwa uongo, anasema, hata mwandiko ukipendeza, na Nthenya anacheka puani, anasema kumbe hesabu ni kama baraza la chifu, kisha, bila kuinua kichwa, "Na antes ni nini? Hiyo hujanifundisha." Hajamfundisha, ni kweli, haimo daftarini, imo kwenye barua, na Mumbua anaweza kusema ni baada, uongo wa neno moja tu, thelathini ipite, mvua zije, msichana abaki... anamtazama Kababu juu ya leso, amelala mdomo wazi, nzi kwenye nyusi, anamtazama mzee, anautazama ule mlango, hajawahi kuutazama moja kwa moja, mbao nne na kitasa cha waya, rangi ya buluu imebanduka chini kuku wanapodonoa, ni mlango tu, Mungu wangu, amemwibia mtu maisha yake ili asibishe mlango. "Kabla," anasema. "Antes ni kabla." Na kwa sauti ndogo zaidi, fomu nimeishonea ndani ya mto wa mtoto, nilikudanganya, nafasi ipo. Bikari haisimami. Nthenya anasema alijua jana usiku, ila fomu hakuiona, na sababu hakuijua, mpaka leo alfajiri alipomwona akizunguka nyuma ya zizi na mtungi wa maji asipite mbele ya mlango wa baba, akakumbuka Februari. Nyundo ng'ambo ya ua inagonga, inapumzika, inagonga. "Fungua huo mto usiku. Baba nitamwambia imefika leo." Anapuliza vumbi la penseli kwenye daftari. "Wewe jifunze kubisha ule mlango, wifi. Na huo uongo sitamwambia mtu mwingine."