Komeo la Nje

Unajua sana kutazama pembeni, wewe. Sahani ikitua mbele yako ikifuka mvuke, huulizi imetokea mlango gani. Geuza shingo leo, utazame huku.

Fundi cherehani mmoja alikwenda nchi ya watu kumtembelea mdogo wake, mpishi. Nyumbani huyo mdogo aliitwa Kijiko, maana tangu utotoni hapakuwa na sufuria iliyompita bila kuonjwa. Kijiko akamtembeza dada yake mjini kwa tumbo na kwa masikio: asubuhi supu ya samaki sokoni, mchana kinanda kanisani, jioni mkate wa moto bustanini, mbele ya wapiga fidla.

"Dada, usipige makofi mpaka kiongozi wao ageuke. Jana ulinitia aibu."

"Mtu anifurahishe, halafu nimngoje ageuke? Makubwa."

Wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ya mwisho Kijiko akamtafutia dada yake kiti kazini kwake, mgahawa ambamo watu hula huku wakipigiwa okestra. Pale fidla zikianza tu, meneja hufunga mlango wa jikoni kwa komeo la nje, sufuria zisisikike. Wapishi hukaa humo mpaka muziki uishe.

"Na mkibanwa na haja?"

"Tunajikaza, Dada. Wewe kula kuku wako."

Kuku alikuwa mtamu, na fidla zikamlainisha moyo. Kisha zikaingia ngoma, nzito, za haraka. Fundi akajisemea, hawa leo wamepania. Moyo ulimwenda mbio kwa raha, mikono ikamwasha kupiga makofi, lakini akakumbuka alivyoonywa, akaikalia. Ngoma zikazidi, zikaacha mdundo. Akanyoosha shingo kutazama jukwaani. Mpiga ngoma alikuwa ameketi, fimbo ziko mapajani.

Hapo ndipo harufu ya mafuta yanayoungua ilipomfika puani. Bwana wa meza ya pili naye alikuwa ameinusa. Alijifuta mdomo, akainamia sahani yake. Fundi akainuka. Meneja akamkinga njia.

"Keti, mama. Wanamalizia."

"Mdogo wangu yumo humo."

"Utawaharibia wenzako."

Fundi akampiga kikumbo, akavuta komeo. Moshi ukamvaa usoni. Wapishi wawili wakatoka wakitambaa. Kijiko alikuwa amelala nyuma ya mlango, ngumi zimechubuka kwa kugonga, mikono imebabuka hadi viwikoni. Fundi akampakata palepale sakafuni, akamwita kwa jina lake la utotoni. Hakuitika, na hospitali hakufika.

Kuta zilipakwa rangi, mlango ukawekwa mpya, na wateja wamerudi. Komeo nalo limerudishwa, upande uleule wa nje.

Kwa hiyo usimpe pole fundi, pole anazo tele. Hapo ulipoketi kula, inuka sasa hivi, nenda jikoni, tazama komeo liko upande gani. Likiwa nje, ling'oe. Usingoje mtu agonge.