Pale Ilipogeuzwa Santuri

Katika shule yetu, juu ya mji wa Nakuru, kiranja wa muziki alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwanafunzi mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Kazi hiyo ilikuwa kugeuza santuri. Jumapili baada ya chai tulikaa ukumbini mikono ikiwa magotini, mwalimu akataja jina la mtunzi, nami, kiranja wa wakati huo, nikaishusha sindano ya gramafoni. Santuri zile za zamani zilikuwa nzito, na upande mmoja haukutosha muziki mrefu, kwa hiyo muziki ulikatika katikati. Hapo niliinuka, nikatembea bila haraka, nikaiinua santuri kwa viganja, nikaigeuza, nikapuliza vumbi, nikaishusha sindano tena. Hakuna aliyekohoa. Tulifundishwa kwamba kimya kile ni adabu. Kwa kuwa tulikuwa wanafunzi wema, tukaamini pia kwamba ni muziki.

Mwaka uliotangulia Uhuru, kidato cha tano kilipokea wasichana wa kutwa kutoka mjini. Mmoja wao alikuwa Surinder, binti wa karani wa reli. Nyumbani kwao kulikuwa na piano iliyonunuliwa kwa Mzungu aliyekuwa akiondoka, na alikuwa amekwisha fanya mitihani yote ambayo mtahini kutoka Uingereza alikuja kuisimamia mara moja kwa mwaka. Lakini mitihani haikumpa alichokitaka. Alikitaka kile alichokisikia kwetu Jumapili moja, sehemu ya polepole ya sonata ya piano ya Schubert, ambayo karatasi zake hazikupatikana katika duka lolote la Nakuru. Akaitoa kwenye santuri yetu kwa sikio, kipande kwa kipande, kwa muda wa mihula miwili.

Akiipiga kwenye piano ya ukumbini, alipofika pale upande wa kwanza ulipoishia, aliinua mikono, akaiweka mapajani, akangoja. Alingoja kiasi kile kile nilichohitaji mimi kuinuka, kugeuza na kupuliza vumbi. Na katika kungoja huko, alinitazama.

Kanuni za shule zilikataza wavulana na wasichana kuzungumza nje ya darasa, nami nilikuwa mlinzi wa kanuni hizo. Sikuwahi kuivunja hata moja. Mtazamo ule haukuwa umekatazwa popote.

Mwalimu alitueleza kwamba watunzi wa karne ile walikuwa na ugonjwa mmoja. Chopin aliondoka Poland akiwa kijana wa miaka ishirini asirudi tena, akatunga ngoma za kwao akiwa Paris, ngoma zisizochezeka kwa miguu. Schumann aliandika vipande vifupi vinavyomalizika kama sentensi iliyokatizwa. Schubert alipenda nyimbo za mtu anayetembea kwa miguu na kuwa mgeni kila anapofika. Wote, alisema, walitamani kitu kilicho mbali, na kama wangekipata wangenyamaza. Sikumwelewa. Mvulana wa miaka kumi na minane aliye katika nchi yake hatamani kitu ila chakula cha jioni.

Nilimwelewa miaka baadaye, nikiwa Thornton Heath, kusini mwa London. Nilikuwa nikisomea sheria, na nilipanga chumba kwa Jennifer, mjane aliyeimba alto katika kwaya ya kanisa. Katika muda wangu wote London sikuwa nimewahi kwenda kuisikiliza sonata ile. Niliona matangazo yake zaidi ya mara moja na nikapita. Sikutaka kuisikia kutoka kwa mikono mingine.

Kisha ikaja Februari ya mwaka sitini na nane. Ndege kutoka Nairobi zilijaa Wahindi wenye pasipoti za Uingereza, wakikimbia kuingia kabla mlango haujafungwa kwa sheria mpya. Surinder alikuja pamoja na baba yake, Mzee Gurdial, kaka yake, na Parminder, mke wa kaka, ambaye yeye alimwita Bhabi. Walikaribishwa na jamaa huko Southall, magharibi mwa London, katika nyumba ambayo vyumba vyake vyote vililala watu. Kupitia chama cha wanafunzi wa zamani alinipata, akanipigia simu.

"Bwana Kiranja," alisema, "ninahitaji piano."

Jambo lenyewe alinieleza bila kulizungusha. Jamaa zake wa Vancouver walikuwa wamemtafutia mchumba. Mzee Gurdial hakuwa mtu wa kumsukuma binti, wala hakuwa mtu wa kumwacha aning'inie katika nyumba ya watu. Akaweka sharti. Chuo kimoja cha muziki kingemsikiliza Ijumaa ya wiki ya tatu tangu siku hiyo. Kikimpa nafasi, atabaki London. Kikimkataa, atasafiri kwenda Kanada kabla ya Pasaka.

"Utawapigia nini?" nikauliza.

"Unauliza kweli?"

Nilizungumza na mchungaji, naye akatupa ukumbi wa kanisa Jumamosi mchana. Parminder alikuja kama mlinzi, na kifuko cha kufuma, akaketi karibu na hita na makoti mawili mwilini.

"Hii ndiyo Ulaya waliyokuwa wakituringia?" alisema. "Nakuru hata kuku wangu hawakulala katika baridi kama hii."

Surinder alivua glavu, akapiga. Alikuwa amekomaa. Mkono wa kushoto ulitembea kama mtu asiye na haraka ya kufika, na wimbo ukaja juu yake, wa kawaida kabisa, hata ukaniuma. Alipofika pale, aliinua mikono, akaiweka mapajani, akanitazama. Yale macho hayakuwa yamebadilika.

Parminder aliacha kufuma. "Mmekwama?"

"Nyamaza, Bhabi. Ni sehemu yake."

"Sehemu ya nani? Ya mtunzi au ya huyu?"

Surinder akaendelea kupiga. Mimi nilitazama dirisha, kwa maana uso wangu haukuwa chini ya amri yangu.

Jumapili iliyofuata, Jennifer alikuwa akimenya viazi jikoni redio ikiwa wazi. Niliitambua sonata kabla ya kufika mlangoni, na safari hii sikuondoka. Nilisimama nikingoja pale. Mpigaji alipafika, akapita. Hakusimama hata kwa pumzi moja. Kilichokuwa mwisho wa upande wa kwanza kilikuwa nusu ya wimbo, na nusu ya pili ilishikana nayo kama kiganja na vidole.

"Amekosea," nilisema.

"Nani?"

"Huyu mpigaji. Ameruka kituo. Watu kama hawa ndio mnaowaweka redioni?"

Jennifer aliweka kisu chini. Aliijua sonata, marehemu mumewe alikuwa akiipiga. Akauimba wimbo ule kwa sauti yake ya alto, akapita juu ya mahali pale bila kuvuta pumzi.

"Hapo hapasimami, Bwana Njenga," alisema kwa upole. "Hapajawahi kusimama."

Jumatatu nilikwenda maktaba nikaazima karatasi za sonata. Nilizisoma nikiwa nimesimama katikati ya rafu. Hapakuwa na kituo.

Nilikuwa na muda wa kufikiri hadi Jumamosi, na sikuhitaji muda huo. Wanaojua muziki wangemsikia binti mmoja kutoka Kenya akikata sentensi ya Schubert katikati na kuketi kama anayengoja basi. Wangecheka, au wasicheke, ambayo ni mbaya zaidi. Angekwenda Vancouver. Ukweli ulikuwa mwepesi kuuona. Uzito ulikuwa kwamba kwa kumwambia ningekifuta kwa mkono wangu kitu pekee alichowahi kunipa.

Jumamosi nilimwekea karatasi juu ya piano. Alifuata noti kwa kidole, akafika, akarudi nyuma, akafika tena.

"Wewe ndiwe uliyekuwa ukigeuza," alisema.

"Ndimi."

"Na hukujua?"

"Nilijua nageuza santuri. Nilidhani kampuni ya santuri isingethubutu kukata mahali ambapo mtunzi mwenyewe hakusimama. Niliwachukulia kuwa watu wa heshima."

Parminder alicheka hadi uzi ukamponyoka. "Watu wa heshima! Wauza santuri! Bwana Kiranja, wewe ungemwamini hata fisi akivaa tai ya shule."

Surinder hakucheka. "Kwa hiyo miaka yote hii," alisema polepole, "nimekuwa nikipiga mlio wa viatu vyako."

Akajaribu. Alipofika pale, mikono iliinuka yenyewe. Akajaribu tena, ikainuka tena. Mara nyingine alijilazimisha, na wimbo ukatoka umekunjamana kama nguo iliyofungiwa sandukuni. Nilikuwa nimesimama nilipozoea kusimama, na kila alipofika aliinua kichwa.

"Geuka," aliniambia. "Tazama ukuta."

Niligeuka. Nilisikia mikono ikisimama.

"Bado nakujua upo. Toka nje, Njenga."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina. Nilitoka, nikafunga mlango, nikasimama kando ya barabara kuu, mabasi yakipita na mvua ikiwa nyembamba. Kupitia dirisha nilisikia akianza upya. Alisimama. Alianza upya. Sijui nilikaa pale muda gani. Hatimaye wimbo ulikuja, ukafika pale, ukapita, ukaendelea hadi mwisho, na nilikuwa mtu pekee barabarani aliyejua kilichopotea. Parminder alifungua mlango na kuniletea koti langu.

"Ameweza," alisema. Hakutania. "Usiingie. Na Ijumaa usikae chumbani anamopiga."

Ijumaa niliketi kwenye korido ya chuo pamoja na Mzee Gurdial, sote tumenyooka kama watu wanaongoja hukumu. Alikuwa amevaa kilemba kilichopigwa pasi na suti ya kazini. Kupitia mlango tulimsikia. Mzee hakujua chochote kuhusu santuri. Alifumba macho tu. Kisha Surinder akafika pale. Alipita moja kwa moja, na mkono wa kushoto ukatembea kama mtu ambaye sasa anaijua njia na hahitaji kuuliza. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kumsikia akipiga. Nilikishukuru, nikakichukia, nikakishukuru tena.

Karani wa chuo alitoka baada ya kitambo, akasema wamempa nafasi kuanzia Septemba.

Tulishuka ngazi hadi barabarani. Surinder alikuwa anacheka na kulia, Parminder akimpangusa kwa ncha ya shali yake. Mzee Gurdial alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Bwana Njenga," alisema, kwa Kiswahili chake kizuri cha stesheni, "Mungu akubariki. Umemsaidia dada yako. Muda wote atakaokuwa hapa London, nitalala usingizi, maana najua ana kaka."

Hakusema kwa ubaya. Hivyo ndivyo mtu wa heshima anavyomshukuru kijana, na hivyo ndivyo anavyomwonyesha mahali pa kukaa. Nami nililelewa kutombishia mzee barabarani.

"Ndiyo, mzee," nilisema.

Parminder alitazama chini. Basi la kuelekea Paddington lilikuwa linakuja, na Mzee alinyoosha mkono kulisimamisha.

"Ana dada zake Limuru, Baba," Surinder alisema. Alikuwa akivaa glavu, kidole kwa kidole, na sauti yake haikupanda. "Nadhani wanamtosha."

Mzee Gurdial hakugeuka. Labda kelele ya basi ilimziba. Labda alisikia vizuri sana. Alipanda, akawashika mkono binti na mkwe kuwapandisha, akauliza kwa Kiingereza kama basi linafika stesheni ya Paddington, ingawa lilikuwa limeandikwa mbele.

Surinder aliketi upande wa mbali, nyuma ya abiria wengi, na kutoka nilipokuwa nimesimama sikuweza kumwona. Basi liliondoka. Septemba ilikuwa mbali. Nilivaa kofia, nikaanza kutembea kuelekea kusini kwa miguu, kwa sababu sikutaka kufika mapema.