Wanaolala Chali

Fundi cherehani alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache yalihusu vipimo. Ukimuuliza hali, atakujibu kwamba koti lako litakuwa tayari kesho kutwa. Mtu kama huyo utamtegemea vipi amwambie binti yake kwamba amemkumbuka?

Binti mwenyewe alisomea viumbe vya baharini. Alipopata kazi nchi ya mbali, alimwachia baba yake tangi la kioo lenye yavuyavu watano, wale viumbe laini wa baharini kama uji ulioganda. Likawekwa chumba cha mbele, kati ya cherehani na meza ya kupigia pasi. Yavuyavu wengine huelea. Hawa walilala chali sakafuni mwa tangi, mikono yao yenye mashada imeelekea juu, wanapwita polepole. Siku ya kwanza fundi alidhani wamepinduka kwa misukosuko ya safari. Akachukua upawa, akawageuza mmoja mmoja kwa huruma. Wakajigeuza tena. Mkono ukamwasha mpaka jioni, maana wakichokozwa hutoa ute unaowasha hata usipowagusa wenyewe. Dada yake, waliyepakana naye ukuta kwa ukuta, alicheka hadi akakaa chini. Alimwambia shukrani ya punda ni mateke, sasa hawa wasio na miguu wangemshukuru kwa kitu gani tena?

Binti ndiye aliyemfafanulia kwa simu. Ndani ya miili yao umo mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho. Yavuyavu huupa mwani nyumba, na mwani humpikia mwenye nyumba kwa kutumia mwanga. Ndiyo maana analala chali, ili wapishi wake waione taa. Ile rangi yake ya kahawia ni ya mwani. Mwanga ukikosekana, mwani hupotea, na yavuyavu hupauka, kisha hunywea siku hadi siku. Fundi alilishika neno hilo.

Simu ilikuja kila Jumapili. Chumvi ya maji? Sawa. Joto? Sawa. Wanaendeleaje? Wazima. Haya baba, tutaongea. Fundi alibaki na simu mkononi, na neno aliloamka nalo bado liko kooni. Alitamani kumsikia chumba cha pili. Alitamani viatu vyake vilivyozagaa mlangoni, na hata ubishi wake, ambao zamani ulimfanya akosee mishono.

Kisha taa ya tangi ikaungua, na madukani hapakuwa na nyingine. Yavuyavu wakapauka. Binti akawa anapiga simu kila siku, mwisho akasema atakuja mwenyewe kuwaangalia. Fundi akafua mapazia. Dada yake akamtania kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli alikuwa amepona. Halafu taa ikapatikana, rangi ikarudi, na safari ikafa.

Mapazia yalipochafuka tena, fundi alikata kipande cha bitana nyeusi, kitambaa cha ndani ya nguo, kilichobaki kwenye koti la mteja. Akakitandaza juu ya kifuniko cha tangi, chini ya taa, akarudi kwenye cherehani yake kama asiyejua lolote.

Wakapauka. Binti akaomba picha. Fundi akakisogeza kitambaa, akapiga, akakirudisha. Sasa simu zikawa za kila siku, na hazikuwa za chumvi peke yake. Binti alimsimulia jinsi alivyounguza sufuria, na habari za jirani wa ghorofa ya juu anayetembea na viatu virefu usiku kucha. Fundi alifurahi, na alijionea aibu kwa furaha hiyo. Kila asubuhi aliinua pembe ya bitana akawakuta wamezidi kunywea. Yule mdogo wao alifikia ukubwa wa kifungo cha koti, na bado alikuwa anapwita. Fundi alimwomba radhi kwa sauti, kisha akamfunika.

Mwisho binti akasema anakuja. Siku ya kufika kwake, fundi aliificha bitana kwenye droo ya cherehani. Njia ya mwongo ni fupi. Binti aliweka mkoba, akainama kwenye kioo, akawatazama wale watano. Hakupima chumvi wala joto.

"Bitana iko wapi, baba?"

Fundi akajifanya anatafuta mkasi.

"Pembe yake ilionekana kwenye picha, na chaki yako juu yake. Siku ile ile nikaomba ruhusa kazini."

"Mbona hukuniambia niitoe?"

"Hawa hunywea, lakini hawafi upesi. Na mimi pia nilitaka sababu ya kuja."

Fundi alifungua kinywa aseme lile neno. Badala yake akasema kwamba koti lake limechakaa kiwikoni, alivue amtilie kiraka. Binti akalivua.

Alikaa wiki moja, viatu vikazagaa mlangoni, kisha akaondoka, na nyumba ikawa kubwa kupita kiasi.

Taa iliachwa iwake. Rangi ya kahawia ilirudi taratibu, kwanza kwenye ncha za mikono, na yule wa kifungo akaanza kunenepa. Jumapili moja simu ikalia. Chumvi? Sawa. Joto? Sawa.

"Wanaendeleaje?"

Fundi aliwatazama wote watano, wamelala chali kwenye mwanga. Akaweka mkasi chini.

"Wazima kabisa, mama," alisema. "Wewe njoo hivyo hivyo."