Yungiyungi Miguuni pa Kezia

Nimetengeneza fremu za dhahabu miaka thelathini na minane hapa Lambeth, na kusoma picha nilijifunza kwa bidii yangu, katika darasa la jioni la wafanyakazi. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kupeleka picha kwenye maonyesho, nilipompelekea mchoraji Bwana Lovering fremu yake, sikuhitaji mtu wa kunieleza nilichokiona.

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa binti yangu Kezia, aliyekuwa akiketi kuchorwa hapo tangu Januari. Miguuni pake lililala yungiyungi jeupe, shina limevunjika.

London nzima inajua. Yungiyungi lililosimama ni msichana aliyejitunza. Lililoanguka ni aliyeharibiwa. Na Kezia alikuwa aolewe baada ya Pasaka na Enoki Pym, ambaye mama yake huenda maonyesho kila mwaka akizisoma picha kama Zaburi, ua kwa ua.

"Umemfanyia nini mwanangu?"

"Ni picha tu, Mzee Tuckwell. Watu wanapenda kulia."

"Basi wamlilie binti yako."

"Sina binti."

"Ndiyo maana."

Kezia, aliyekuwa bado pale pembeni, alicheka huku akijifunga shali. "Baba, mkono ulichoka tu, ua likaniponyoka. Bwana akapiga kelele, 'Usiokote! Tulia hivyo hivyo!'"

"Nawe ukatulia?"

"Si ndiyo kazi yangu, kutulia?" Kisha kicheko kikamkauka. "Lakini Mama Pym hatauliza lilivyoanguka, eti?"

"Hatauliza, mwanangu."

Nikaketi juu ya sanduku, nimeikumbatia fremu. Picha isiyo na fremu ya dhahabu haipokelewi, na mlango wa maonyesho hufungwa jioni.

"Unanikaba koo, fundi."

"Nakungoja tu, bwana."

Nilijua maonyesho yamemkataa miaka mitatu mfululizo, na kwamba ua lile ndilo lililoibeba picha yake. Nilimhurumia. Sikuinuka.

Hatimaye akachukua kisu, akalikwangua ua. Akamketisha Kezia tena, akalichora upya mkononi mwake, limesimama, shina zima. Ilimchukua mchana wote, wala hakula.

"Imekufa sasa," akasema, akiifuta brashi. "Ni msichana tu aliyeshika ua."

"Ndiye huyo," nikamwambia.

Nikaitia picha kwenye fremu kwa mikono yangu, rangi ikiwa bado mbichi, kisha tukaibeba wawili, bwana mbele, mimi nyuma, tukikimbia.