Pua ya Mama Vitalia

Osmund alikuwa mpishi, na hakuwa kitu kingine. Miaka kumi na tisa aliwapikia Wazungu wa shamba moja la kahawa huko juu Umatengo. Jembe alilishika siku za mapumziko tu, na mashimo ya ngolo, kilimo cha kwao, aliyochimba mlimani, ndugu zake waliyachimba upya alipowapa kisogo, huku wakimcheka. Hakuona aibu. Mtu aoke mkate ndani ya debe, ukaumuka ukapendeza, halafu umdai na matuta?

Kisha siku moja alikuwa akiteremka na baiskeli mlima wa Mkumbi, breki zikakataa, akaangukia kisogo. Alizinduka siku ya tatu katika hospitali ya misheni, akapewa uji, akadhani amepewa maji ya vuguvugu yaliyotiwa sukari. Chumvi aliijua, sukari aliijua, na ukali wa ndimu aliujua. Harufu ndizo zilizokuwa zimefungasha na kuondoka. Kitunguu kikiungua na mvua ikinyesha kwenye vumbi, kwake vyote vilikuwa kimya. Bahati yake yule Mzungu mwenye shamba alikuwa akiuza mali arudi kwao, akamwandikia barua ya sifa bila kugundua lolote. Aliyejua ni mkewe Scolastika peke yake, yule ambaye watu wote walimwita Mama Vitalia.

Alikaa miezi minane bila jiko. Ndipo aliposikia kwamba Mbinga amekuja Bwana Shamba mpya wa serikali, naye anatafuta mpishi. Osmund akaenda na barua yake. Bwana Shamba aliisoma, akafika mahali panapokisifu kinywaji cha jin na matunda, akatabasamu. Alimwambia kwamba Jumamosi ana wageni, na jiko lake bado linajengwa, kwa hiyo akakitengeneze kwake akilete. Akifurahi, Jumatatu kazi ianze. Akampa chupa ya jin, pamoja na barua ya ruhusa, kwa maana Mwafrika kukutwa na chupa ile ilikuwa kesi ya kumfikisha bomani.

Alhamisi asubuhi Osmund alijifunga aproni yake ya zamani. Mikono ilikuwa haijasahau kitu. Alichemsha sukari na maganda ya ndimu, akakamua machungwa, akapasua karakara na kuzichuja kwa kitambaa cheupe, akakata nanasi vipande vyembamba, akamimina jin kidogo kidogo. Alipoonja, alipata uchachu, utamu na moto wa kooni, basi. Karakara za mwaka mmoja si za mwaka mwingine, na hapo mikono haina la kusema.

Akamwita mkewe. Scolastika akainusa, akasema inanukia vizuri. Osmund akamwambia kunusa hakutoshi, lazima ikae mdomoni.

Hapo kulikuwa na jambo. Kaka yake Scolastika, Nazari, alikufa kwa pombe ya moshi, macho yakiwa yametangulia kufa. Siku ya arobaini Scolastika alisimama mbele ya padri, akashika msalaba, akaapa kwamba pombe kali haitapita midomoni mwake maisha yake yote. Alipewa utepe wa buluu, na kila Jumapili aliuvaa kifuani. Mwanamke yule alikuwa na kiburi kimoja tu duniani, na kilikuwa utepe ule.

Alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Kisha akautoa utepe msumarini, akaukunja, akaufungia sandukuni, akarudi na kijiko.

"Niambie kinachotangulia," Osmund alisema.

"Ndimu."

"Halafu?"

"Halafu kama mti uliopasuliwa sasa hivi."

"Hiyo ndiyo jin yenyewe. Karakara iko wapi?"

"Siipati."

Akaongeza karakara mbili. Scolastika akaonja tena, akasema bado. Akapunguza sukari, akaongeza karakara nyingine. Kwenye kijiko cha nne mwanamke alifumba macho, akacheka kama msichana. "Sasa imekuja, Baba Vitalia. Inakuja mwisho, na haitaki kuondoka."

Osmund aliuona uso ule, akamwonea wivu mkewe mwenyewe. Wivu wa kweli, wa kumchoma. Lakini furaha nayo ilimpanda. Siku hiyo walipanga maisha yao yote. Wangehamia nyumba ya watumishi nyuma ya nyumba ya Bwana Shamba, na kila sufuria ingepita kwanza kwa Mama Vitalia kabla ya kufika mezani. Nani angejua?

Jumamosi aliondoka alfajiri, jagi kikapuni, limezungushiwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa. Saa sita wageni wakanywa. Bwana Shamba aliomba glasi ya pili, na mgeni mmoja aliinuka kitini, akaja kumuuliza kuna nini mle kinachokuja mwishoni. Osmund akajibu kwamba ni karakara. Bwana Shamba akasema mbele ya watu wote kwamba Jumatatu aje na mizigo yake. Osmund alitoka barazani miguu haigusi chini.

Memsabu, mke wa Bwana Shamba, akamwita nyuma, kwenye kibanda kilichotumika kama jiko. Alikuwa mama mpole, mgeni wa nchi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabika. Mezani palikuwa na bakuli la maziwa, na ndani yake vipande vya samaki, mbasa aliyepandishwa kutoka Lituhi. Kichwa kilikwishatupwa, kwa hiyo hapakuwa na jicho wala shavu la kutazama.

"Osmund, mimi sijui samaki wa ziwa. Huyu bado mzuri?"

Hakuwa anamjaribu. Aliuliza tu, kama mtu anavyomuuliza mpishi wake. Osmund na mkewe walikuwa wamejiandaa kwa jin siku mbili nzima, na hili halikuwajia akilini. Alikibonyeza kipande kwa kidole, hakikumwambia kitu. Akakiinua kwa mkono, akakileta puani, akavuta pumzi taratibu jinsi alivyovuta miaka kumi na tisa.

"Mzuri, Memsabu. Mzuri sana."

Alipoinua macho alimwona Ignatio, mtumishi wa mezani, mtu mzima mwenye mvi, amesimama mlangoni na pua yake ameizika kwenye kiwiko. Memsabu naye alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, leso mdomoni, tangu kipande kilipotoka kwenye maziwa. Hakukasirika. Alimtazama Osmund kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyommaliza. Akamuuliza polepole kama anaumwa. Osmund alikirudisha kipande ndani ya maziwa. Memsabu akaenda barazani kuzungumza na mumewe, na baada ya kitambo Ignatio akaleta jagi likiwa tupu, na neno kwamba Jumatatu asije.

Alitembea saa tatu kurudi nyumbani Mkumbi. Njiani alikutana na watu wanne wa kwao, akawapa mkono, wakaupokea, wakaharakisha kuaga. Hakuelewa kwa nini. Kichwani alikuwa akitafuta namna ya kumwambia mkewe, labda kwamba Bwana Shamba amebadili mawazo, labda kwamba wamepata mtu wa Songea.

Scolastika alikuwa mlangoni tangu jua lilipoinama. Alimpokea kikapu, akasita.

"Umeshika nini, Baba Vitalia? Unanuka samaki aliyeoza."

 Osmund aliuleta mkono puani, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Hapakuwa na kitu. Mkewe alimtazama akifanya hivyo, na hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliketi kwenye kizingiti, akalia bila sauti. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na utepe ulikuwa sandukuni.

Baadaye aliinuka, akaleta beseni, maji na kipande cha sabuni, akamwosha mumewe kidole kimoja kimoja. Akainusa mikono, akamwaga maji, akaanza tena.

"Imetoka?" Osmund aliuliza.

"Bado," Scolastika akasema.