Pazia la Unyamavu

Katika nchi ya Unyamavu, iliyopakana na Ghururi upande wa kaskazini na Majuto upande wa kusini, rai ya mtu ilitunzwa kama mwali wa ndani: haikutoka nje, haikuonwa na jirani, na aliyeitamka hadharani alihesabiwa kakosa haya. Ndiyo maana Waziri Hadhari, alipotaka kujua kama wanafunzi wa Chuo cha Matumaini wana hamu ya kupiga kura, aliamuru waulizwe mmoja mmoja, nyuma ya pazia zito.

"Wakikosa hamu," alitangaza, "haki hiyo nitaifuta. Aliyeshiba hapakuliwi."

Kazi ya kuuliza alipewa Bi Dodosa, mjane mcheshi, ambaye shughuli ya mjini asipofika huwa haijajaa. Naye alisoma chuo hicho, zama ambazo bwalo la chakula liliitwa Makelele, na wanafunzi waligombea ukoko wa wali na mambo ya dola kwa pumzi moja. Mmoja juu ya benchi, mwiko mkononi, akiwalaani watoza ushuru, na wapishi wakimjibu kutoka jikoni. Lo, siku zile! Mtu aliingia na njaa, akatoka na msimamo.

Nyuma ya pazia, hata hivyo, alisikia jibu moja tu.

"Mwanangu, utapiga kura?"

"Sijui, bibi."

"Nchi waionaje?"

"Kwani wenzangu wamesemaje?"

Siku ya mwisho uvumilivu ukamwisha. Akaling'oa pazia, akalitandika juu ya meza ya bwaloni, akaagiza sufuria la wali, na swali lile lile akaliuliza kwa sauti.

Kisha kijana aitwaye Shaka akanung'unika, "Mimi kura siitaki. Wote wezi."

"Wewe tena!" akadakia binti Jasiri, mdomo umejaa. "Juzi ulilia chuo hakina maji. Nani atakuletea, shangazi yako?"

"Shangazi yangu ana kisima!"

Bwalo likaangua kicheko, na baada ya kicheko hoja zikafumuka kama kumbikumbi baada ya mvua. Shaka alibadili rai mara mbili kabla ukoko haujaisha, na mwishowe akaapa kuwa siku ya kura atatangulia foleni.

Bi Dodosa akashtakiwa kwa kuzivua rai ushungi. Mbele ya makadhi watatu, Waziri akanguruma: "Hamu ile ni batili! Wameambukizana!"

"Kweli, mheshimiwa. Nami niliambukizwa humo humo, na hadi leo sijapona."

Makadhi wakatazamana. Mkuu wao, Kadhi Insafu, akakohoa. "Hukumu si jambo la kichwa kimoja. Tupeni nafasi tushauriane."

"Niwaletee mapazia matatu, waheshimiwa?" akauliza Bi Dodosa kwa adabu. "Kila mmoja akae na lake?"

Kadhi Insafu akainamisha kilemba, mabega yakamtikisika, na alipoinua uso macho yalikuwa yamelowa.

"Haki ya vijana ibaki," akasema. Kisha, polepole, kama anayeulizia nyumba ya zamani: "Bi Dodosa... ukoko wa Makelele, bado unatoka ule wa kahawia?"

Pazia halikurudi mahali pake. Lingali mezani bwaloni, na madoa yake ya mchuzi hayafuliki.